Wikendi ya Albamu Dodoma: Muziki wa Wagogo Ukisikilizwa Nyumbani Kwao

Marafiki zangu wa Dar es Salaam wamezoea kuiona Dodoma kama mji wa kuitwa kwa barua ya kikazi: semina, vikao vya Bunge, foleni ya wizarani kule Mtumba, halafu mtu anatafuta usafiri wa kurudi. Kwa muda mrefu walijitetea kwa umbali, na utetezi huo ulikuwa na uzito enzi za basi la kutwa nzima. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, anayepanda Stesheni ya Magufuli Ijumaa jioni anashuka Stesheni ya Samia usiku uleule, na bado anakuta kuku wa moto mezani. Kwa hiyo niliwaalika, nao safari hii wakaja: mwalimu wa sekondari, mhasibu asiyependa kelele, na shemeji yangu ambaye kwake muziki usiochezeka si muziki.

Sharti langu lilikuwa moja. Kila mmoja aje na albamu anayoiamini, nayo ipigwe yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila mtu kuruka wimbo. Siku hizi tunasikiliza nyimbo mojamoja, jinsi simu inavyotuchagulia, na ndiyo maana msanii anaweza kutoa albamu nzima tukaishia kuijua kwa wimbo mmoja uliotamba mtandaoni. Mimi kama mwenyeji nilijitengea zamu ya Jumamosi yote, kwa nia ya kuwasikilizisha muziki wa Wagogo, kabila la mkoa huu, muziki ambao hata wengi wetu tunaoishi hapa hatuujui.

Ijumaa usiku, baada ya kuku wa mgahawa wa Chako ni Chako, shemeji alianza na albamu ya Marioo, msanii wa Bongo Fleva, The God Son, iliyotoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na nyimbo 17. Sauti ya Marioo ina utulivu unaoweza kubeba wimbo hata pale mashairi yanapokuwa mepesi, na hilo hakuna aliyelipinga. Tulipobishana ni kuhusu urefu. Nyimbo 17 ni nyingi, na maoni yangu ni kwamba angepunguza theluthi moja tungepata kazi iliyokaza zaidi; shemeji akajibu kwamba anayelalamika amepewa kingi ni mtu aliyeshiba. Baadaye tulipita katika baa moja ya mjini, nikamwomba DJ atupigie chochote cha Hukwe Zawose. Akaniuliza kwa heshima zote kama huyo ni mwimbaji wa injili.

Sikumlaumu kijana yule, ila swali lake lilinipa hoja ya Jumamosi. Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika mkoa huuhuu wa Dodoma, akaimba kwa Cigogo, lugha ya Wagogo, na Kiswahili, akapelekwa Dar es Salaam miaka ya sitini kwa wito wa Mwalimu Nyerere, kisha akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo hadi alipofariki Desemba 2003. Albamu zake zinazojulikana zaidi hazikutolewa Dodoma wala Dar es Salaam. Chibite ya mwaka 1996 na Assembly ya 2002, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook, zilitolewa na Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel ya Uingereza. Kwa maneno mengine, mtu wa Ulaya anayefuatilia muziki wa dunia ana nafasi kubwa ya kumjua Mgogo huyu kuliko kijana anayepiga muziki hatua chache kutoka Nyerere Square.

Tuliisikiliza Chibite asubuhi, tukiwa tumekaa juu ya vilima vya Chimwaga, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, upepo wa mji huu ukivuma bila kupumzika. Albamu hiyo si ya kupigwa huku mnaongea. Ilimba, ala ya sanduku lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, inaanza peke yake, na asiyeijua hudhani spika imepasuka, kwa sababu kila noti ina mvumo unaotetemeka pembeni yake kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Mvumo huo umekusudiwa: sanduku la ilimba lina matundu yanayofunikwa kwa utando wa buibui, nao hutetemeka kila vyuma vinapoguswa, na baadhi ya vyuma havipigwi kabisa bali vimewekwa viitikie vinavyopigwa. Mhasibu, ambaye tulidhani angelalamika, aliomba turudie wimbo wa kwanza. Nilimkatalia, sharti ni sharti, lakini moyoni nilifurahi.

Mchana tulishika barabara ya Morogoro kuelekea Chamwino, kilomita 30 hivi kutoka mjini, na njiani tukapiga albamu ambayo ningependa kila msomaji aitafute leo hii: Maisha ya The Zawose Queens, iliyotolewa na Real World mwezi Juni 2024. Waimbaji wake wakuu ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Katika mila ya Wagogo, ngoma za muheme ni za wanawake, lakini zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume, na hata ndani ya familia hii yenye jina kubwa wanawake walikuwa wakisimama nyuma wakiitikia. Katika Maisha wao ndio wenye shughuli: wanatunga, wanaongoza, wanapiga. Watayarishaji, Waingereza Oli Barton-Wood na Tom Excell, wameongeza besi na vinanda vya umeme hapa na pale, na kwa sehemu kubwa wamejua kukaa kando. Mwalimu aliona zipo nyimbo mbili tatu ambazo mashine zimepewa nafasi kuliko zinavyostahili. Nakubaliana naye kwa nusu tu, maana sauti za wanawake hawa, zinavyopishana kwa tabaka huku kila mmoja akishika njia yake, haziwezi kufunikwa na kinanda chochote.

Chamwino wengi wanaijua kwa Ikulu, ile iliyozinduliwa Mei 2023. Wapenzi wa muziki wanaijua kwa kituo chake cha sanaa na kwa tamasha la muziki wa Cigogo, ambalo chimbuko lake ni juhudi za Kedmon Mapana, mwanamuziki na msomi ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Hatukwenda siku ya tamasha, kwa hiyo hatukukuta umati. Tulimkuta mama mmoja mtu mzima ambaye, baada ya shikamoo zetu na utani kidogo kuhusu watu wa Pwani wasiojua mlenda, alikubali kutuonyesha jinsi muheme inavyoshikwa. Ngoma ile nyembamba kiunoni inabanwa katikati ya mapaja, mpigaji akiwa amesimama, na mikono yote miwili inabaki huru. Shemeji alijaribu. Ngoma ilimponyoka na kuanguka chini, mama akacheka hadi akajishika mbavu, na tangu hapo hatukusikia tena hoja ya muziki usiochezeka.

Kurudi mjini giza likiingia nilipiga Uhamiaji ya Msafiri Zawose, mtoto mwingine wa Hukwe, iliyotolewa na lebo ya Soundway mwaka 2017 chini ya mtayarishaji Sam Jones. Hii ndiyo albamu yenye umeme mwingi kuliko zote za ukoo huu, na kwa barabara ya usiku inafaa kweli. Nyumbani kwenye spika ndogo hunichosha mapema.

Jumapili ilikuwa zamu ya mwalimu, naye akatuletea Siti of Unguja ya mwaka 2020, ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Zanzibar. Kumbe na hii imepita mikononi mwa Sam Jones. Tuliisikiliza kibarazani tukila zabibu za Hombolo, na tukagundua jambo ambalo hatukulipanga: Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri, na karibu karne moja baadaye muziki wa kitukuu chake na wa akina Zawose bado unategemea lebo za Uingereza ili utoke. Mhasibu aliuliza ni gharama gani hasa inayotushinda, wakati studio zimejaa kila mtaa na mashabiki wanalipia bando kila siku. Mwalimu alisema tatizo si studio, ni redio: hakuna anayerekodi kitu ambacho hakitapigwa. Shemeji akasema tatizo ni sisi, tunaoomba wimbo wa Zawose baa saa sita usiku. Mjadala huo ulitupeleka hadi stesheni, na wameondoka bila kuumaliza.