Alikuja na Kesi

Somo la Agano la Kale lilikuwa saa nane mchana, mkitoka tu kula ugali na maharage, na nusu ya darasa husinzia. Siku ya 2 Samweli 12 hakusinzia mtu. Aliyetukosesha usingizi ni mama mmoja, mwanafunzi mwenzetu, aliyekuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo kabla ya kuitikia wito.

Mchungaji aliyetufundisha alitusomea polepole kisa ambacho nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi, baada ya Daudi kumchukua Bathsheba, mke wa Uria, na kumfanya Uria auawe vitani. Tajiri ana kondoo na ng'ombe tele. Habari zake zimekwisha hapo. Maskini ana mwanakondoo jike mmoja, wa kununua, anakula tonge lake, anakunywea kikombe chake, analala kifuani pake kama binti. Tajiri akapata mgeni, akamchinjia huyo wa maskini.

"Kwa nini Nathani hakumwambia Daudi waziwazi?" Mchungaji akauliza. Tukajibu yaleyale: aliogopa, alitumia hekima.

Mama akanyoosha mkono. "Mchungaji, mimi naona hakuja na mfano. Alikuja na kesi." Mfalme ndiye aliyekuwa hakimu, akasema, na Nathani hakutamka popote kwamba anatunga. "Hakimu akishakaa kitini hajitetei, anahukumu. Na huyu kahukumu bila shahidi hata mmoja!"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akaonyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu shule ya Jumapili: ndani ya kisa hakuna mtu aliyeuawa. Uria Mhiti, aliyebebeshwa barua ya kifo chake mwenyewe, hayumo. "Angeweka maiti, Daudi angeshtuka mapema." Kwangu mimi, ufundi wote wa Nathani uko hapo.

Daudi akakasirika: mtu huyo astahili kufa, na alipe mara nne, kama Kutoka 22 inavyoagiza kwa kondoo wa wizi. Ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Mchungaji akaongeza kwamba katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, sehemu ya Yoma, marabi hao waliyahesabu malipo hayo manne kwa watoto wa Daudi: kichanga cha Bathsheba, Amnoni, Tamari, Absalomu.

"Tamari?" mama akadakia. "Aliyebakwa na kaka yake? Huyo kalipa deni la nani?"

"Hukumu aliitamka Daudi mwenyewe, mama."

"Aliitamka kwa hasira, Mchungaji. Na hasira yake wakalipishwa watoto."

Kipindi kikaisha, tukatoka tunabishana, wengine wakiwatetea marabi. Mimi nilikuwa upande wa mama.