Saa zangu za angani hazijafa

Mtoto wa kaka yangu aliyeko Uyole ameandika kwenye grupu la ukoo, mbele ya wakubwa na wadogo: "Shangazi, kwa umri huo urubani wa nini? Hizo hela si zingepiga plasta nyumba ya Bibi?" Nyumba hiyo bati nimenunua mimi, madirisha mimi, na ada ya chuo ya huyo aliyeandika nimelipa mimi. Imeniuma.

Hapa Texas saa moja ya kuruka na mkufunzi inapita dola 200. Mnaovuna viazi Isongole pigeni hesabu ni magunia mangapi. Nazipata kwa zamu za usiku, kugeuza wazee wa watu vitandani. Masomo haya niliyaanza kabla sijazaa, nikayaacha ili watoto wasome. Wamesoma, wana kazi zao. Nina miaka 58 na sasa ni zamu yangu.

Miaka 65 mnayoisikia ni kikomo cha marubani wa mashirika ya ndege. Leseni ya rubani binafsi Marekani haina ukomo wa umri, ilimradi daktari anayepima marubani akupitishe. Na saa zilizoandikwa kwenye logibuku, daftari la rubani la saa za kuruka, hazifutiki. Mkufunzi wangu, kijana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, alipokea daftari langu la zamani kwa mikono miwili, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema tutaendelea tulipoishia. Hakuniuliza urubani wa nini.

Juzi alifundisha kwa nini ndege huishiwa nguvu penye mwinuko na joto: hewa ni nyepesi, injini na mabawa vyote vinapungukiwa, kwa hiyo inakimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Nikamweleza uwanja wetu wa zamani pale Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, mlima Loleza umesimama pale pale, hadi tulipopata uwanja wa Songwe mwaka 2012, chini zaidi. Tukapiga hesabu ya ndege ya injini moja ikipaa Mbeya mchana wa Oktoba. Nilijivunia kwetu siku ile!

Vijana mnaonifuata inboksi mkitaka kuja kusomea: usipokuwa raia, kibali cha usalama kwanza. Vipimo vya daktari kabla ya ada. Na msilipe kozi nzima kwa mkupuo, lipeni somo kwa somo, maana shule hufungwa na hela za watu zikiwa ndani.

Plasta ya mama itapigwa Desemba, nilishaipanga. Jumamosi nina somo la kutua na upepo wa ubavuni, simu nitazima.