Mtego kwanza, orodha ya maneno baadaye

Tovuti nyingi za WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti) ninazokabidhiwa zikiwa zimefurika spamu, yaani ujumbe taka unaoingia kupitia fomu na maoni, huja na orodha ndefu ya maneno yaliyopigwa marufuku. Kazi yangu ya kwanza ni kuifyeka. WordPress haiangalii neno zima, inatafuta mfuatano wa herufi popote ulipo. Ukizuia "bet" ili kuwafukuza watu wa kamari, umemfukuza Elizabeth pamoja na kila anayeulizia betri. Mtumaji anadhani umempuuza, nawe hata hujui kwamba aliandika.

Mimi naanza na mtego. Binadamu hujaza anachokiona, ilhali roboti nyingi, yaani programu zinazotuma spamu zenyewe, husoma msimbo wa ukurasa na kujaza kila kisanduku. Basi naongeza kisanduku kimoja kwenye fomu na kukificha kwa CSS, msimbo unaopanga mwonekano wa ukurasa. Kikirudi na maandishi, ujumbe unatupwa. Usikiite "email" wala "phone", kwa sababu vivinjari vingine hujaza fomu vyenyewe na vitamponza mtu halali. Halafu wakumbuke wasioona, ambao programu huwasomea ukurasa: kifichwe kwao pia, la sivyo watakijaza kwa nia njema kabisa.

Kisha muda. Fomu iliyokamilika ndani ya sekunde mbili haikujazwa kwa vidole. Kwenye Drupal, mfumo mwingine wa tovuti, moduli (programu ya nyongeza) ya Honeypot inakupa mtego na saa kwa pamoja, na muda wake wa awali ni sekunde 5. Ila sharti la muda halipatani na kashe, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili zifunguke haraka: Drupal huacha kuhifadhi kurasa zenye fomu hiyo, kwa hiyo ukiibandika chini ya kila ukurasa, tovuti nzima itaanza kukokota miguu.

Wapo pia watu wa kweli wanaolipwa kusambaza viungo, na hao mtego hauwanasi. Kwa ajili yao naweka Akismet, huduma ya kuchuja spamu ambayo ipo tangu 2005. Inataka ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri unaoitambulisha tovuti yako kwao. Tovuti binafsi haidaiwi, ya biashara inalipiwa. Kwa kuwa inapeleka maandishi na anwani ya IP ya mtumaji kwenye seva zake, sera yako ya faragha ilitaje hilo waziwazi.

Zile picha za taa za barabarani za CAPTCHA, jaribio la kuthibitisha kwamba mgeni si roboti, siziweki. Kumhesabisha mgeni pikipiki kabla hajauliza swali lake ni kumlipisha deni la roboti. (Na roboti za siku hizi zinahesabu vizuri tu.)

Folda ya spamu naipitia kila wiki, maana Akismet hufuta kilichokaa humo zaidi ya siku 15. Nikikuta ujumbe halali, siunakili pembeni na kuuacha humo. Nabonyeza kitufe cha kusema si spamu, kwani hapo ndipo Akismet inapoarifiwa kwamba ilikosea.