Olympus OM-1: kuitoa kwenye betri ya zebaki

Shata ya kamera hii ya filamu inafyatuka kwa kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, kwa sababu OM-1 haihitaji umeme kupiga picha. Kilichokufa ni mita ya mwanga tu, kwa hiyo kazi yote iko kwenye chumba cha betri chini ya kamera.

Kamera hii ilitengenezewa PX625 ya zebaki, volti 1.35. Betri hizo hazitengenezwi tena. Marekani walizipiga marufuku mwaka 1996 na nchi nyingine nyingi zikafuata. Ukiomba "625" kwenye duka la betri za saa utapewa PX625A, ambayo inaingia barabara, na hapo ndipo watu wengi wanaponasa. Hiyo ni alkalaini ya volti 1.5, tena volti zake zinashuka kadiri inavyotumika. Mita ya OM-1 haina cha kusawazisha umeme: volti zikizidi, mshale wa mita unapanda, mita inadhani mwanga ni mwingi, nawe unafunga tundu la lenzi bila sababu. Negativu inatoka nyembamba, na vivuli havina kitu. Ushauri wa kushusha namba ya ASA (wepesi wa filamu kushika mwanga) ili kufidia unasaidia nusunusu tu, maana kosa la juani si sawa na kosa la kivulini, na betri ikichoka linabadilika tena.

Usafi kabla ya yote. Kifuniko kilifunguliwa kwa sarafu. Kikigoma, tone la spiriti kwenye hesi na kusubiri kidogo ni bora kuliko kulazimisha, kwa sababu mfuo wa sarafu ukiliwa hutakuwa na pa kushikia. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe wenye ukijani. Huo ni uvujaji wa betri, na una asili ya alkali, kwa hiyo unaondolewa kwa siki nyeupe: kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo tu, kisichochuruzika, kisha kingine chenye spiriti, kisha kuacha pakauke. Kidole cha chuma cha mguso kikisuguliwa kwa msasa laini namba 1000 kinang'aa. Kama mshale bado haujasogea, geuza swichi ya mita ON na OFF mara nyingi mfululizo. Vidole vyake vya ndani hushika uchafu. Ikishindikana, fungua bamba la chini utazame waya wa betri. Waya uliogeuka mweusi chini ya plastiki mara nyingi haupitishi umeme vizuri hata ukiwa haujakatika: ukate, weka mpya, tia lehemu.

Kwa majaribio nimetumia betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, inayofanya kazi kwa hewa, yenye kibandiko cha buluu. Inatoa kama volti 1.4. Kipenyo chake ni milimita 11.6, wakati chumba kinataka karibu 16, kwa hiyo inazungushiwa oringi (pete ya mpira) yenye tundu la milimita 11 na unene wa 2.5. Bila oringi betri inateleza pembeni na mshale unarukaruka. Bandua kibandiko, subiri dakika chache ivute hewa, ndipo uiingize, chanya ikitazama kifuniko. Vitundu vya hewa viko upande huo wa chanya, kwa hiyo usijazie kwa karatasi ya aluminiamu: utaziba hewa, na ikikunjika pembeni inaunganisha chanya na hasi. Ubaya wake ni kwamba ikishafunguliwa inaendelea kufa hata kamera ikiwa kabatini. Ihesabie wiki chache hadi miezi michache.

Kupima: ASA 100, kasi 1/125, tundu la lenzi f/16, jua kali lisilo na wingu likiwa mgongoni mwako. Elekeza kwenye majani mabichi. Mshale ukae katikati au karibu yake. Usipimie ukuta wa chokaa, utakudanganya. Kisha rudia kivulini ukilinganisha na mita ya simu, maana juani peke yake hapatoshi.

Suluhisho la kudumu ni betri ya SR44 ya oksidi ya fedha, volti 1.55, inayoshika volti zake karibu hadi inapokata roho, pamoja na dayodi ya Schottky (kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa betri ili kushusha hizo volti 0.2 zilizozidi. Dayodi ya kawaida ya silikoni haifai, inakula volti nyingi mno. Ukiiweka dayodi ya Schottky kwenye waya wa chanya, mstari uliochorwa juu yake utazame mita. Ukiiweka kwenye waya wa hasi, mstari utazame betri. SR44 ina ukubwa uleule wa 675, hivyo oringi ileile inabaki. Asiyetaka kushika lehemu anunue adapta ya MR-9, yenye kishusha volti ndani yake na inayotumia betri ya SR43.

PX625 ya zamani iliyotolewa iko kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ikisubiri wanaopokea taka za betri. Isichomwe moto wala kupasuliwa.