Siku moja na choo cha mtumba, Sabasaba

Saa 11 alfajiri niko macho kabla simu haijalia. Leo ni siku ya belo. Chai ya rangi, chapati ya jana, bodaboda mpaka soko la Sabasaba huku upepo wa Julai ukinikata masikio. Anayedhani Dodoma ni joto tu hajapanda bodaboda hapa mwezi wa saba.

Nauza midoli ya mtumba. Majirani zangu wa vizimba wanauza jinzi na mashuka, wanaitwa wafanyabiashara. Mimi naitwa Mama Midoli, na shemeji yangu mpaka leo anaamini huwa naaga nyumbani kwenda kucheza. Nikimwambia kwamba ninachokipenda zaidi ni vyombo vya bafuni vya midoli ya zamani, yaani mabeseni ya kuogea, masinki, vyoo vya kukaa, vioo na bomba la mvua, anaomba aongezewe chai ili aendelee kucheka.

Saa 12 na nusu tunakata kamba. Belo tumechangia watatu. Wenzangu wanarukia dubu na magari, vitu vinavyotoka kabla jua halijapanda. Mimi nawaachia. Nasubiri turubai libaki na takataka, kisha napiga magoti na kuchambua kwa vidole, maana vitu vidogo hupukutika chini. Mtoto wa Ulaya hapotezi beseni, anapoteza bomba lake. Anapoteza kioo, kining'inizio cha taulo, mlango wa kabati. Ndiyo maana seti kamili ni adimu, na ndiyo maana nyumbani nina kopo la maziwa ya unga limejaa vipande yatima vinavyosubiri ndugu zao watokee kwenye belo lingine.

Kazi hii ina elimu yake. Kwanza pindua, usome chini. Midoli ya Barbie ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1959, na ya mwanzo ilitengenezwa Japani. Baadaye viwanda vikahamia Taiwan, Hong Kong, Malaysia, China na kwingineko. Sindy, mdoli mwingine, ni wa Waingereza, wa mwaka 1963. Mtego uko kiunoni: Barbie akiandikwa 1966, usikimbilie kumwita bibi. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya mwili, na mwili huo uliendelea kutumika mpaka miaka ya 1990. Nilishauziwa "wa 1966" kwa bei ya mbuzi, kumbe umri wake ni wa mpwa wangu.

Pili, kipimo. Barbie ana sentimita 29 hivi, kama moja ya sita ya mtu. Nikipata beseni namlaza ndani. Miguu ikining'inia nje kama abiria wa nyuma ya Noah, beseni hilo ni la ukoo mwingine. Tatu, naangalia makovu. Mdoli wa raba laini akiachwa miaka ndani ya beseni la plastiki ngumu, mafuta yanayolainisha raba huhama na kuyeyusha plastiki, na alama ya makalio haitoki tena, usugue mpaka kesho. Plastiki nyeupe iliyogeuka njano ina nafuu: dawa ya kupaushia nywele, yenye haidrojeni peroksaidi, na jua. Jua tunalo. Ya rangi ya waridi usiijaribu, itapauka.

Basi leo, chini kabisa, nikagusa kitu bapa chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kifuniko cha choo! Cha waridi, bawaba zote mbili nzima. Tangu Desemba nina beseni, sinki na choo cha seti hiyo, choo kikiwa wazi kama choo cha stendi. Nilikaa chini. Jirani wa mashuka akauliza kama nimeumwa na nge.

Nilikiweka kwenye mfuko wa aproni. Kuanzia saa 2 mpaka saa 5 nikauza dubu wanane na treni.

Saa 5 akaja dada mmoja wa ofisini, kitambulisho shingoni, kumbe katoka Mtumba, kule Mji wa Serikali. (Ndiyo, ametoka Mtumba kuja kununua mtumba. Utani huo tumeuchoka.) Binti yake anatimiza miaka tisa. Seti yangu ya bafuni nilikuwa nimeipanga mbele kama chambo. Siku zote naitaja bei ya kumfukuza mtu.

"Hiki choo nacho ni cha mtumba?"

"Ndiyo, dada yangu."

"Kwa hiyo kimeshakaliwa?"

Nikamwambia kimekaliwa na mdoli, na mdoli hana tumbo. Hakucheka. Akakinusa. Naapa, alikinusa. Akauliza kama beseni linaweza kuwa kisahani cha sabuni binti akilichoka. Akauliza kwa nini hakuna bata. Akampigia binti kwa video, mtandao ukakata mara tatu, akanikabidhi simu niishike juu huku yeye akipanga sinki upande huu, mara upande ule. Binti akataka kujua kama bomba linatoa maji. Nikaeleza kwamba baadhi ya mabeseni ya zamani yalikuwa na pampu ya kubonyeza, hili pampu yake ilishakatika. "Sasa bafu bila maji ni bafu gani?" akasema mama, mbele ya watu wa Dodoma, sisi tunaojua bafu bila maji ni bafu gani.

Bei niliyotaja ni 60,000. Akasema 10,000. Akaondoka, akarudi, akaondoka na kurudi na soda. Jua lilishahama upande wa pili wa kizimba. Kodi ya mwezi ilikuwa inadaiwa, na mwanangu anataka viatu vya shule. Tukafika 38,000. Nilimfungia kwenye gazeti mwenyewe, kipande kimoja kimoja, sinki likawa la mwisho. Miezi saba hiyo.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Mvulana alirudisha gari kwa madai kwamba halina breki. Vumbi liliingia kwenye wali. Mgongo ulianza kuuma jioni tukikunja turubai, na kwenye daladala nilisimama mpaka Nkuhungu.

Usiku maji yakatoka. Mgao wetu ni wa usiku, kwa hiyo kwanza madumu, halafu vyombo, halafu sare za watoto. Yaliyobaki kwenye beseni langu, la kweli, naoshea vipande vya leo kwa mswaki mkuukuu. Vioo viwili, taulo la ukubwa wa stempu, bomba lisilo na mwenyewe.

Simu ikaita. Yule dada. Binti amefurahi, anaomba nimsaidie jambo moja tu: choo hakina kifuniko, je, hakikudondoka kwangu?

Nilijipapasa aproni. Kilikuwepo, kimepata joto la tumbo.

"Ngoja nitafute," nikamwambia, nikakiweka mezani chini ya taa, nikaanza kukisugua bawaba.