Sabufa ya ibada

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimesumbuka rohoni na kilichonisumbua ni sabufa, msicheke.

Mwezi uliopita nilienda Kariakoo kufuata soketi tu, nikarudi na sabufa ya 380,000. Hela yenyewe ilikuwa marejesho ya kikoba cha mama watoto. Kufika home nikasema hii ni ya ibada ya familia, tutapiga tenzi, na jumuiya ikija kwetu watu waimbe vizuri. Basi jumuiya ikaja, tukaimba kwa midomo yetu kama siku zote, sabufa imekaa kimya chini ya kitambaa cha kufuma. Ila siku ya mechi madirisha yalitetemeka.

Juzi kati nasoma 1 Samweli 15 nikakutana na mwenzangu, mfalme Sauli. Kaambiwa na Mungu aangamize vyote vya Amaleki, yeye kabakiza kondoo na ng'ombe walionona, halafu anamlaki nabii Samweli eti amri ya Bwana nimeitimiza. Samweli akauliza, sasa hawa kondoo ninaowasikia wanalia ni wa nini? Sauli akasema ni watu ndo wamewaacha hai, tena ni wa kumtolea Bwana sadaka.

Yaani tamaa ni yake, mzigo anabebeshwa Mungu! Na ndo zetu walokole. Mtu kakopa simu ya bei mbaya anashuhudia "Bwana amenifungulia mlango", mlango gani ndugu yangu na kila tarehe 5 unazima hiyo hiyo simu usipigiwe na anayekudai? Dada una vitenge kabati halifungi, cha jana umesema cha kwaya. Kosa la kununua lingeisha siku moja, ila kulitetea kunakula hela nyingine, maana mimi niliongeza meza ya elfu 45 ya kuiwekea ili ionekane nilikuwa na mpango. Acha kutetea mpendwa, kondoo wanasikika mpaka kwa jirani! Sema tu nilitamani. Baba yetu hashtuki, alishajua ukiwa bado unauliza bei.

Sauli hata aliposema nimekosa aliomba kwanza aheshimiwe mbele ya wazee, na hapo ndo nilipokwama siku nne. Jana usiku nikamwambia mama watoto ukweli wote. Akaendelea kukunja nguo, akasema, "Baba Neema, mtu mwenye kitu cha ibada angeingia nacho kwa mlango wa uani saa tatu usiku?"

Anayehitaji sabufa aniambie, rimoti ipo.