Nilivyoandika wasifu wa baba mkwe, mwashi wa Philadelphia aliyepigana Korea

Kwetu Muheza mtu hazikwi kimya kimya. Kabla jeneza halijatoka, ndugu mmoja husimama na karatasi mkononi akasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa lini, kasoma wapi, kamwoa nani, kaugua nini, kaacha wajukuu wangapi. Huku Philadelphia, baba mkwe alipofariki akiwa na miaka 91, kijana wa nyumba ya mazishi alitupa fomu ya tangazo la gazeti na kutukumbusha kwamba gazeti hutoza kwa mstari. Mashemeji wakajaza mistari michache. Mmarekani mwenye asili ya Italia, askari wa zamani, mchapakazi, mtu wa familia. Nikauliza, ndiyo imetoka hiyo? Mume wangu akanisogezea kalamu. "Haya, andika wewe."

Nilianza na mama mkwe. Ukimuuliza mfiwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani atakupa sifa, na sifa za marehemu wote zinafanana. Kwa hiyo nilimuuliza vitu. Aliamka saa ngapi? Alifungasha chakula gani? Nani alimpa lifti? Hapo mama akafunguka. Saa kumi na nusu alfajiri mzee alikuwa keshajipikia kahawa na kutoka, na mkate wa mayai na pilipili hoho kwenye karatasi. Chakula hakikubadilika mpaka alipostaafu. Na mwiko wake wa uashi hakuna aliyeruhusiwa kuuosha.

Mwiko huo niliukuta kwenye chumba cha chini ya nyumba, pamoja na timazi na pima maji ya mbao. Bapa la mwiko lilikuwa limelika upande mmoja hadi likapinda, kwa jinsi alivyokuwa akikata matofali kwa ukingo uleule. Nilimpigia simu mzee mwenzake wa chama cha waashi, yeye akanieleza jambo ambalo watoto hawakulitilia maanani. Kwenye baridi kali saruji mbichi huganda kabla haijashika, basi ujenzi husimama, na mwashi asiyejenga halipwi. Majira hayo baba mkwe alikuwa akipakua makasha ya mboga usiku kwenye soko la barabara ya 9, kwa Waitalia wenzake. Neno "mchapakazi" likapata nyama. Niliandika makasha, neno lenyewe nikaliondoa.

Upande wa wazazi wake alinisaidia dada yake, shangazi wa mume wangu, mwenye kumbukumbu kali kuliko sisi sote. Wazazi walitoka Abruzzo, Italia, wakaingia Marekani kabla ya sheria ya 1924 iliyobana uhamiaji wa watu wa kusini mwa Ulaya. Mama yao hakuwahi kuchukua uraia. Italia ilipoingia vitani dhidi ya Marekani, wageni wa Kiitalia wapatao 600,000 waliwekwa kwenye kundi la "wageni maadui". Mapema 1942 iliwabidi waende posta kujiandikisha, wapigwe picha, waache alama ya kidole, wapewe kijitabu cha kutembea nacho. Redio za masafa mafupi na kamera walitakiwa kuzisalimisha. Shangazi alikitoa kijitabu hicho kwenye kopo la biskuti akanifungulia ukurasa wa picha: mama wa makamo, kitambaa kichwani, uso mkavu. Aliyemsindikiza posta kumtafsiria ni baba mkwe, mtoto wa miaka 12. Kaka yao mkubwa wakati huohuo alikuwa amevaa magwanda ya jeshi la Marekani. Kuondolewa kwa amri ile kwa Waitalia kulitangazwa tarehe 12 Oktoba 1942, siku ya Columbus. Bibi yule, kwa maneno ya shangazi, alisema hata asante wasiisubiri.

Kipande kigumu kilikuwa Korea. Mzee mwenyewe alikisema kwa neno moja tu, baridi, akabadilisha mazungumzo. Nasi tulihitaji karatasi, kwa sababu bila cheti cha kuachiwa jeshi, ambacho huku kila mtu hukiita DD 214, au hati nyingine inayokubalika, hakuna bendera, hakuna wanajeshi kaburini, hakuna nafasi kwenye makaburi ya taifa. Nyumbani hakikuonekana. Kumbukumbu za wanajeshi zinatunzwa St. Louis, lakini tarehe 12 Julai 1973 jengo lile liliungua, na kati ya majalada ya jeshi la nchi kavu ya walioachiwa kuanzia 1912 hadi mwanzo wa 1960, karibu asilimia 80 yaliteketea. Nakala za akiba hazikuwepo. Baba mkwe aliachiwa 1953.

St. Louis wana njia ya haraka kwa ajili ya mazishi na hujaribu kuunganisha upya habari kwa karatasi nyingine kama za mishahara, basi tuliwatumia maombi. Lakini yule mzee wa chama cha waashi alikuwa amenidokeza kitu: askari wengi waliporudi walishauriwa kusajili cheti chao kwenye ofisi inayosajili hati za nyumba. Mume wangu akaenda kwenye ofisi hiyo, City Hall, yeye akiwa mtoto wa marehemu, akarudi na nakala yenye muhuri. Kama una mzee wa vita nyumbani, anza na ofisi hiyo.

Cheti kilisema mengi kwa maneno machache. Aliitwa jeshini 1951, akawa dereva wa lori. Medali ya utumishi wa Korea, na nyota mbili za shaba. Mjukuu mmoja akadaka hapohapo: "Babu alipata Bronze Star!" Tayari alikuwa anawaandikia binamu zake. Nikamwomba asubiri. Medali ya Bronze Star hutolewa kwa ushujaa au utumishi uliotukuka, na ni medali kamili inayojitegemea. Vile vinyota vidogo vinavyobandikwa juu ya utepe wa medali nyingine ni hesabu ya vipindi vya mapigano ambavyo askari alikuwemo. Nilipolinganisha na tarehe zake za kwenda na kurudi, vikawa kiangazi na vuli ya 1952, kisha baridi ya tatu ya vita, Desemba 1952 hadi Aprili 1953. Kijana alinuna. Mimi naona dereva wa lori kwenye milima ya Korea, usiku, barafu barabarani, hana haja ya kuazimwa medali. Tuliandika nyota mbili na maana yake.

Karatasi hizo pia zilionyesha uashi wake ulikotoka. Sheria ya 1952 ya kuwasaidia waliotoka Korea iliwalipa posho waliojifunza ufundi kazini, na yeye aliingia uanagenzi wa uashi kwa mlango huo. Nyumba yao ya ukuta kwa ukuta waliinunua kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali kwa askari wa zamani. Watoto walidhani vita na nyumba ni mambo mawili tofauti.

Padri alitueleza kwamba kwenye Misa mahubiri hayapaswi kugeuka sifa za marehemu, kwa hiyo nilisoma jioni ya kuaga mwili. Nilisoma Kiingereza, kwa mtindo wa Muheza, hadi ugonjwa na saa ya kufa. Wifi yangu alishtuka kidogo niliposema kuhusu mapafu. Waashi wenzake hawakushtuka.

Makaburini walikuja wanajeshi wawili vijana, idadi ya chini kabisa inayotakiwa na sheria. Tarumbeta lilikuwa na kifaa ndani kinachopiga wimbo chenyewe, mpigaji analishika tu mdomoni, maana wapigaji wa kweli hawatoshi. Nililijua hilo mapema na bado nililia. Bendera ilikunjwa pembetatu mpaka ikabaki buluu na nyota, akapewa mama mkwe.

Kaburi na jiwe havikutugharimu senti. Mke huzikwa kaburi hilohilo, na jina lake huchongwa nyuma ya jiwe. Nilimuuliza mama kama anaridhia, akasema amelala na mtu yule kitanda kimoja miaka 60 na ushei, hapo pana shida gani? Kisha akanitaka nianze wasifu wake sasa hivi, angali na nguvu za kusahihisha. Tunaandika Jumapili baada ya chakula. Samaki wa chumvi wa mkesha wa Krismasi wameshachukua kurasa mbili, maana siku za kuwaloweka na kubadilisha maji lazima ziandikwe sawasawa. Mwaka wa kuzaliwa amekataa katakata.